Mizizi, Matawi na Matunda: Darasa la Kuangalia Afya ya Miti ya Asili Msituni Budongo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, wengi wetu tumehifadhi au tumesikia mfano uliomo katika Suratu Ibrahim, ambamo neno jema limefananishwa na mti mwema. Mti ule umesifiwa kwa mambo matatu: uimara wa mizizi, kupanda kwa matawi, na matunda yasiyokatika. Katika darasa nyingi tunalizungumzia neno, na mti tunaupita haraka kama kwamba kila mtu anaujua. Leo nataka tukae na mti wenyewe, kwa sababu mambo yale matatu ndiyo pia mtaalamu wa misitu anayoyatafuta anapopima afya ya mti.

Hoja yangu ni moja. Macho yetu huishia kwenye matawi. Tukiona majani ya kijani tunasema msitu ni mzima, Alhamdulillah, kisha tunaondoka. Lakini mti unaweza kuwa wa kijani huku mizizi yake inakufa njaa, na msitu unaweza kuwa wa kijani huku hauzai tena. Anayetaka kuutolea msitu ushahidi wa kweli lazima aangalie yote matatu, tena mara nyingi, na aandike alichokiona.

Mimi ni mwanafunzi wa elimu ya misitu. Njia ninazozieleza nilizifanya kwa vitendo Budongo pamoja na waangalizi wenyeji, wengi wao wakiwa watu wa vijiji vinavyopakana na msitu.

Msitu wenyewe

Budongo uko kaskazini-magharibi mwa Uganda, juu ya bonde la Ziwa Albert, karibu na mji wa Masindi na kusini mwa Maporomoko ya Murchison. Hifadhi nzima ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 800, na takriban nusu yake ndiyo msitu mnene. Inayobaki ni nyasi na miti ya savana.

Ni miongoni mwa misitu ya Afrika iliyoangaliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1947 W. J. Eggeling, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi Uganda, alichapisha uchunguzi wake kuhusu Budongo. Alieleza kwamba msitu hukua kwa hatua. Kwanza huja miti inayopenda jua, kama msizi. Kisha unakuwa msitu mchanganyiko wenye mikangazi, ambayo ni jamii ya mahogani. Mwishowe, pole pole, unatawaliwa na mti mgumu kama chuma uitwao muhimbi. Mwaka 1990 Vernon Reynolds, ambaye alikuwa ameanza kuwachunguza sokwe wa Budongo mwaka 1962, alianzisha mradi uliokuja kuwa kituo cha utafiti ndani ya msitu huo. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 waangalizi wa kituo hicho hupita kila mwezi chini ya miti ileile iliyotiwa namba, wakitazama majani, maua na matunda.

Historia ya msitu huu ina funzo jingine. Katika miaka ya 1950 na 1960, wasimamizi wa wakati huo walitia sumu miti ya asili ambayo haikuwa na bei nzuri sokoni, muhimbi ukiwemo, ili mikangazi ipate nafasi. Hawakuwa na nia ya kuangamiza msitu, bali walidhani wanautibu. Ila afya yake waliipima kwa bei ya mbao, na kila mti usiouzika ukahesabiwa kuwa gugu. Basi kabla ya kushika darubini, jiulize: kipimo changu ni kipi?

Kwanza, ujue mti unaoutazama

Huwezi kusema mtu anaumwa kama hujui hali yake ya kawaida ikoje, na mti ni hivyo hivyo. Mvule hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mgeni akifika Budongo mwezi wa Januari anaweza kuuona mvule mtupu akasema umekufa, kumbe umepumzika. Ukwaruze kijiti chake kwa ukucha: chini ya gome utaona ubichi wa kijani. Mvule vilevile una miti dume na miti jike. Ukikaa chini ya mvule dume miaka kumi ukingoja matunda, utangoja bure, na huo si ugonjwa.

Ujue pia kwao. Mti wa asili ni ule uliokuwepo mahali hapo bila kuletwa na mtu, kwa hiyo uasili unategemea mahali. Msizi ni mwenyeji wa Budongo, na hapa unafanya kazi yake ya kufungua njia kwa miti mingine. Lakini msizi huohuo ulipopelekwa milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, ulienea ndani ya msitu wa Amani mpaka ukawa tatizo kwa miti ya huko. Nako Budongo uliletwa mforosadi wa karatasi kutoka Asia, katikati ya karne ya 20, kwa majaribio ya kutengeneza karatasi. Leo umesambaa wenyewe. Unastawi sana, majani yake ni mazuri, na sokwe wanayala. Lakini mti mgeni unaostawi si dalili ya msitu mzima, kwani unaweza kuwa umekalia nafasi ya mwenyeji.

Pili, matawi

Simama mbali na shina kadiri msitu unavyokuruhusu, ikiwezekana umbali unaolingana na urefu wa mti. Utazame kutoka pande mbili au zaidi, jua likiwa mgongoni kwako. Asubuhi, jua likishapanda kidogo, ndio wakati mzuri, kwani hewa bado ni safi na mwanga hauchomi macho.

Angalia kwanza ufaji umeanzia wapi. Matawi ya chini yaliyofunikwa na kivuli yakikauka, hilo ni jambo la kawaida: mti huyaacha matawi yasiyoulisha. Lakini matawi ya juu kabisa yakianza kukauka kutoka nchani kurudi ndani, shughulika. Maji hayafiki juu, na mara nyingi chanzo kiko chini, kwenye mizizi.

Kisha tazama majani yenyewe. Je, ni madogo kuliko kawaida ya mti huo? Yamegeuka manjano wakati wenzake wa jirani ni kijani? Usidanganywe na majani mekundu, kwani miti mingi ya msituni huanza na majani machanga mekundu au ya waridi, kisha yanageuka kijani. Dalili nyingine ni vichipukizi vingi vinavyotoka kwenye shina mahali ambapo pasingekuwa na tawi. Mti ulioanza kupoteza matawi ya juu hujaribu kujiokoa kwa majani mapya chini. Ukiviona, inua macho tena uangalie juu.

Tatu, shina na mizizi

Sasa sogea uuguse mti. Zunguka shina lote, maana kidonda kinaweza kuwa upande wa pili. Tafuta gome lililopasuka au kuchubuliwa, utomvu unaotiririka, matundu madogo yenye unga wa mbao (hiyo ni kazi ya wadudu watoboaji), na uyoga mgumu unaoota kitakoni mwa mti. Uyoga wa namna hiyo mara nyingi huashiria kwamba ndani pameoza.

Mzee mmoja aliyetuongoza alikuwa na kawaida ya kugonga shina kwa mpini wa panga, kisha kunyamaza na kusikiliza. Nilipomuuliza anasikia nini, akanijibu: "Mwanangu, mti mzima unajibu kwa sauti fupi. Uliooza unajibu kama ngoma." Mtindo huu wanautumia hata wakaguzi wa miti mijini, na hauhitaji mashine.

Hapa nataka tutulie, kwa sababu ndipo macho yetu yanapodanganyika zaidi. Ndani ya shina mna njia mbili. Njia ya ndani, iliyo katika mbao, hupandisha maji kutoka mizizini hadi majani. Njia ya nje, iliyo chini kidogo ya gome, huteremsha chakula kilichotengenezwa na majani hadi mizizini. Mtu akichubua gome kuzunguka shina lote, kwa dawa au kwa kamba, amekata njia ya chakula tu. Maji bado yanapanda. Kwa hiyo majani hubaki kijani kwa miezi, na pengine zaidi, huku mizizi ikitumia akiba yake mpaka iishe. Siku majani yanapoanza kunyauka, mti umekwisha zamani. Aliyekuwa akiangalia matawi peke yake atasema umekufa ghafla. Aliyezunguka shina alijua.

Tazama pia udongo. Je, mvua imeuosha mpaka mizizi iko nje? Je, mifugo au magari yameukanyaga mpaka hauingizi maji? Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji.

Wala si kila kifo ni maradhi. Mtini wa mwituni huota juu ya mti mwingine, huteremsha mizizi yake na kuukumbatia, na miaka ikipita yule mwenyeji hufa ndani ya kumbatio lile. Lakini tini zake hulisha sokwe, hondohondo na popo, hata nyakati ambazo matunda mengine ni haba. Na mti mkavu uliosimama ni nyumba ya ndege na wadudu. Msitu usio na mti mkavu hata mmoja huenda kuna mtu anaufagia.

Nne, matunda

Hili ndilo linalohitaji subira. Sisi tulitumia alama za 0 hadi 4. Sifuri ni kwamba hakuna tunda hata moja, 4 ni kwamba matawi yamejaa, na kati yake ni robo, nusu na robo tatu. Kila mti wenye namba hutazamwa mara moja kwa mwezi, kwa darubini. Majani machanga, maua, matunda mabichi na matunda yaliyoiva, kila kimoja hupewa alama yake.

Siku moja ya kazi hii haikufundishi lolote. Miaka ishirini inafundisha. Rekodi za Budongo za zaidi ya miaka 20 zimeonyesha kwamba matunda msituni humo yamepungua kuliko yalivyokuwa mwanzoni mwa uangalizi. Miti ipo. Majani yapo. Mtalii akipita atapiga picha na kusifu. Lakini upande wa matunda, msitu umepungukiwa.

Budongo hauko peke yake. Katika Hifadhi ya Lopé nchini Gabon, ambako miti imeangaliwa kila mwezi tangu miaka ya 1980, watafiti walitangaza mwaka 2020 kwamba uwezekano wa kukuta matunda yaliyoiva ulishuka kwa asilimia 81 kati ya 1986 na 2018. Wakati huohuo, tembo wa msituni katika hifadhi hiyo walizidi kukonda: tangu 2008 hali ya miili yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 11. Huko Lopé, baadhi ya miti huhitaji usiku wa baridi ili ichanue, na usiku umekuwa ukizidi kuwa na joto. Kwa Budongo sababu bado zinajadiliwa: hali ya hewa, umri wa msitu baada ya uvunaji, au yote pamoja. Lakini upungufu wenyewe usingejulikana kama waangalizi wangekuwa wanaandika miezi yenye matunda tu na kuiruka ile mitupu.

Tano, watoto wa mti

Matunda peke yake hayatoshi. Inamisha kichwa, utazame chini. Je, kuna miche? Na miche hiyo, je, inafika umri wa ujana?

Mkangazi hutoa mbegu zenye bawa ambazo upepo huzipeperusha. Lakini mche wake una adui: nondo ambaye kiwavi wake hutoboa kichipukizi cha juu na kukiua. Mche unaozidi kushambuliwa hivyo hutoka na matawi mengi mafupi, bila shina lililonyooka. Mvule nao una mdudu mdogo anayefyonza majani machanga na kuyafanya yavimbe uvimbe, kisha yaoze na kuua ncha ya mche. Kwa hiyo ukipanda mikangazi mitupu kwenye uwanja wa jua kali, unamwandalia nondo karamu. Chini ya kivuli chepesi cha miti mingine mashambulizi hupungua. Mti wa asili unataka jirani zake.

Ukikuta mikangazi mikubwa yenye afya, na chini yake hakuna hata mmoja unaokufika kiunoni, andika hivyo. Ni kama msikiti uliojaa wazee ambao saumu na sala zao hazina dosari, na safu ya vijana haina mtu. Leo unapendeza, ila kesho yake ina mashaka.

Mti mmoja ukiondoka

Huenda mtu akauliza: ikiwa aina moja ya mti itatoweka kati ya mamia, kuna ubaya gani? Budongo una jibu.

Kwenye sehemu zenye majimaji msituni humo uliota mwale, mnazi wa porini ambao pia huitwa rafia. Sokwe walikuwa wakila moyo wa mwale uliooza ili wapate chumvi, kwa kuwa madini ya sodiamu ni haba katika chakula chao kingine. Wakulima wa pembezoni mwa msitu nao waliyahitaji majani yake kutengeneza kamba za kufungia tumbaku wakati wa kuikausha. Tumbaku iliendelea kutakiwa sokoni, kamba zikaendelea kukatwa, na kati ya mwaka 2006 na 2012 mwale ukatoweka katika eneo hilo.

Haja ya chumvi haikutoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kwamba kuanzia 2017 sokwe, mbega na funo walionekana wakila kinyesi cha popo kilichorundikana ndani ya mti wenye uwazi, kwa sababu kina madini waliyoyakosa. Katika kinyesi hicho watafiti walikuta virusi 27, kimoja kikiwa ni cha jamii ya korona ambacho hakikuwa kimejulikana kabla. Haikuonyeshwa kwamba kuna mtu aliyeambukizwa. Lakini mlango umefunguka, na walioufungua hawakumdhamiria mtu ubaya. Mkulima alitafuta riziki, na mvutaji aliyewasha sigara yake mbali na Budongo hakujua kwamba kuna mwale uliokatwa kwa ajili yake.

Hii ndiyo maana ya mizani tunayoisoma katika Suratu Rahman. Ukiondoa jiwe upande mmoja, upande wa pili nao unasogea, hata kama hukuugusa.

Adabu ya shahidi

Dini yetu imeupa ushahidi uzito mkubwa. Shahidi haongezi, hapunguzi, hafichi, na hasemi asiyoyajua, kwani masikio, macho na moyo vitaulizwa. Nimeiona adabu hiyo ikihitajika sana msituni kuliko nilivyotarajia. Naziweka hapa kanuni tunazozifuata:

1. Andika palepale chini ya mti, usingoje jioni. Kumbukumbu hupenda kupamba.
2. Sifuri ni habari. Iandike kwa uaminifu uleule unaoandika 4.
3. Mti usioonekana kwa ukungu au mvua si sifuri. Andika "haukuonekana."
4. Tenganisha ulichokiona na unachokidhani. "Matawi ya juu yamekauka upande wa mashariki" ni ushahidi. "Umepigwa na ugonjwa" ni dhana.
5. Pima unene wa shina mahali palepale kila mara, mita 1.3 kutoka ardhini.
6. Andika tarehe ya miladi hata kama unapenda kuandika na ya Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Rajabu ya mwaka huu na Rajabu ya miaka kumi ijayo haziangukii msimu mmoja. Mti hufuata jua na mvua.
7. Usikate, usichubue, usichonge jina lako kwenye gome. Mtume (s.a.w.) aliuweka mji wa Madina na mazingira yake kuwa eneo takatifu ambalo miti yake haikatwi.

Kazi ya mwezi huu

Si lazima ufike Budongo. Kila kampasi ina miti, na misikiti yetu mingi ina mti uani. Kila halaqa ichague miti 10, angalau mitano ikiwa ya asili ya eneo hilo, iipe namba na kuitazama mara moja kwa mwezi kwa utaratibu tulioueleza. Daftari likabidhiwe kwa wanaoingia mwaka wa kwanza pale sisi tunapohitimu. Mmoja wetu hukaa chuoni miaka mitatu au minne, na mti unahitaji shahidi wa miaka ishirini. Jumuiya inaweza kuwa shahidi huyo.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini mti uliochubuliwa gome kuzunguka shina hubaki kijani kwa muda?
2. Ni mti gani kampasini kwenu unaosifiwa kwa kustawi, lakini si wa asili? Umekalia nafasi ya upi?
3. Mkulima wa tumbaku anayehitaji kamba angesaidiwaje bila kumnyima riziki yake na bila kuumaliza mwale?
4. Hadithi sahihi inampa aliyepanda thawabu ya sadaka kwa kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama. Je, anayeulinda mti aliopandiwa na wengine ana fungu gani? Mulizeni sheikh wenu, kisha mtuandikie.

Tunamwomba Allah atujaalie macho yanayoona, ndimi zinazosema kweli, na atufanye miongoni mwa wanaoitunza amana ya ardhi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.